Pikapu na trela nzito ya fifwili iliyotumika: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Anayenunua trela nzito ya fifwili iliyokwishatumika, yaani nyumba ya safari inayofungwa ndani ya bodi la pikapu, huuliza kwanza kama pikapu yake itaivuta. Itaivuta. Pikapu kubwa za dizeli za miaka hii zina nguvu ya kuing'oa trela ya tani sita na kuipandisha mlima. Kinachoelemewa mapema ni mgongo wa pikapu: springi, ekseli ya nyuma, ringi na tairi za nyuma. Trela ya fifwili haifungwi nyuma ya bampa kama trela nyingine. Kingpini yake, pini ya chuma iliyo chini ya pua ya trela, inaketi ndani ya bodi (sehemu ya mizigo ya pikapu), juu ya ekseli ya nyuma, na kwa kawaida asilimia 15 hadi 25 ya uzito wa trela nzima inageuka kuwa mzigo wa pikapu. Huo ndio uzito wa pini, na dalili nyingi zilizoko hapa chini, ukizifuata bila kuchoka, zitakufikisha kwake.

Trela hizi zimeenea Marekani na Kanada kuliko kwingine na vibandiko vyake huandikwa kwa pauni, kwa hiyo nitatumia pauni. Pauni 1,000 ni takriban kilo 454.

Kabla ya dalili yoyote, pima

Nakuomba usinunue springi za nyongeza, shokapu mpya wala kifungio (chombo kilicho bodini kinachoishika kingpini) cha bei kubwa kabla hujapita kwenye mizani. Vituo vingi vya malori Marekani na Kanada vina mizani ya CAT, yenye majukwaa matatu. Ekseli ya mbele ya pikapu inakaa jukwaa la kwanza, ya nyuma jukwaa la pili, na ekseli za trela jukwaa la tatu. Unapewa karatasi yenye namba nne. Kisha unaegesha pembeni, unaitua trela, na unarudi mizani na pikapu peke yake: watu wale wale ndani, mafuta yale yale, kifungio kikiwa bado bodini.

Tuchukue mfano. Pikapu ni ya dizeli, daraja la 2500, lililo chini ya 3500 kwa uwezo wa kubeba, na ukomo wake wa uzito wote, ule ulioandikwa GVWR kwenye kibandiko, ni pauni 10,000. Trela ina ekseli mbili za pauni 7,000 kila moja na GVWR ya 14,000. Kijitabu cha trela kinasema ikiwa tupu ina pauni 11,200, na uzito wa pini ni 2,100.

Karatasi ya kwanza inasoma mbele 4,780, nyuma 6,540, trela 10,300, jumla 21,620. Ya pili, pikapu peke yake, inasoma mbele 4,720, nyuma 3,520, jumla 8,240.

Sasa toa. Jumla kubwa ukiitoa jumla ya pikapu peke yake, unapata uzito halisi wa trela: 13,380. Ekseli mbili za pikapu ikiwa na trela zina 11,320. Toa 8,240, zinabaki 3,080, na huo ndio uzito wa pini, sawa na asilimia 23 ya trela. Pikapu iliyoruhusiwa 10,000 imebeba 11,320, imezidi kwa 1,320. Ekseli yake ya nyuma, kama ukomo wake ni 6,500, imepita kwa 40. Wakati huo huo ekseli za trela ziko salama kabisa, na injini haijalalamika hata kidogo.

Watu wengi huduwaa hapo, kwa sababu kitabu cha gari hilo hilo kinaweza kusema linavuta zaidi ya pauni 15,000. Namba ya kuvuta hupatikana pikapu ikiwa karibu tupu, na dereva na abiria mmoja wa pauni 150 kila mmoja. Namba inayokuhusu iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwenye kibandiko cha njano na nyeupe: uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Pikapu ya mfano wetu inasema 2,350. Ondoa watu wawili, pauni 340. Ondoa kifungio, 160. Ondoa zana na vikorokoro, 90. Imebaki 1,760 kwa ajili ya pini. Hata ile pini tupu ya kijitabu, 2,100, haikuwahi kuingia hapo. Muuzaji aliyesema gari hili linatosha alisoma namba ya kuvuta akaishia hapo.

Pikapu zenye GVWR inayozidi 10,000 hazilazimiki kuwa na kibandiko hicho cha njano. Kwa hizo fanya hesabu mwenyewe: GVWR kutoa uzito wa mizani.

Na trela iliyotumika ina jambo lake la ziada. Namba ya "tupu" iliandikwa siku ilipotoka kiwandani. Tangu hapo mtu ameongeza betri, kiyoyozi cha pili, jenereta, labda mashine ya kufulia kwenye kabati la chumba cha mbele, na vyote hivyo vikikaa mbele vinaenda moja kwa moja kwenye pini. Dari iliyovuja kwa miaka nayo hunywa maji na kuongeza uzito ambao hauonekani. Ndiyo maana siitumii kabisa namba ya tupu. Ninachukua GVWR ya trela na kuipigia asilimia 23. Kwa trela ya 14,000 hiyo ni pauni 3,220. Kama pikapu haiwezi hiyo kwenye karatasi, ninaanza kutafuta pikapu nyingine, si kisingizio.

Dalili: nyuma ya pikapu imelala, taa za mbele zinamulika matawi

Chanzo karibu kila mara ni uzito wa pini. Watu hukimbilia mifuko ya upepo inayowekwa juu ya ekseli. Ukiijaza, pikapu inanyanyuka, taa zinarudi barabarani, na mwenye gari anaamini amemaliza kazi. Mifuko hiyo inanyoosha mkao tu. Haigusi ukomo wa ekseli, beringi, ringi, tairi wala breki, na haibadilishi herufi hata moja kwenye kibandiko cha mlangoni. Ina faida yake, hasa kwa pikapu ambayo imo ndani ya namba lakini springi zake ni laini ikinesa kwenye matuta. Kwa pikapu iliyozidi pauni 1,320, ni pazia.

Tazama tairi za nyuma kabla ya yote. Tairi ya LT275/70R18 ya daraja la mzigo E, ikiwa na upepo wa psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba), hubeba pauni 3,640. Mbili ni 7,280, kwa hiyo ekseli yenye 6,540 iko ndani ya uwezo wa tairi. Lakini tairi hiyo hiyo ikiwa na psi 60, kama inavyoachwa na wengi ili gari litembee laini likiwa tupu, haibebi kiasi hicho. Nyuma iliyolala pamoja na tairi zenye tumbo ni hatari ya papo hapo. Jaza upepo kabla hujaondoka hapo uliposimama.

Tiba ya kweli ni moja kati ya tatu. Ya kwanza ni kupunguza mzigo wa mbele: ondoa vitu vizito kwenye sehemu ya kuhifadhia iliyo chini ya chumba cha mbele, na chunguza tanki la maji safi liko wapi. Lita moja ni kilo moja, na tanki likiwa mbele ya ekseli za trela kila lita inaongeza pini. Ukibahatika utaokoa pauni 200 au 300. Ya pili ni kupata trela nyepesi. Ya tatu ni kupanda daraja la pikapu. Pikapu ya 3500 yenye tairi moja moja nyuma mara nyingi ina nafasi ya pauni 3,500 hadi 4,500. Yenye tairi mbili mbili kila upande mara nyingi huvuka 5,000. Injini ya petroli, kwa kuwa ni nyepesi kuliko dizeli kwa mamia ya pauni, huacha nafasi kubwa zaidi ya mzigo kwenye gari la GVWR ile ile. Anayevuta mara chache na mbali na milima mikali asiidharau.

Dalili: usukani umekuwa mwepesi, gari linatangatanga

Linganisha ekseli ya mbele kwenye karatasi mbili za mizani. Katika mfano wetu iliongezeka kutoka 4,720 hadi 4,780, jambo zuri. Ikipungua, kingpini inakaa nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu na inalinyanyua gari upande wa mbele. Hutokea kwenye pikapu zenye bodi fupi, pale fundi aliposogeza kifungio nyuma ili kona zipatikane. Kifungio kinatakiwa kukaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Kama bodi ni fupi na kona hazipatikani, nunua kifungio kinachoteleza: kinarudi nyuma ukiwa unageuza polepole na kurudi mahali pake ukiwa barabarani.

Kona yenyewe ijaribu kwenye uwanja mtupu, mtu akiwa amesimama nje anatazama pembe ya trela na kioo cha nyuma cha kebini. Kioo kikivunjika, kosa halikuanza siku ile. Lilianza siku ya kununua.

Dalili: trela imeinua pua, au sakafu yake inakaribia kugusa kingo za bodi

Hili ndilo tatizo la trela kuukuu na pikapu mpya, na watu hawalitarajii. Bodi za pikapu za sasa, hasa za magurudumu manne yenye nguvu, ziko juu kuliko zile zilizokuwepo trela nyingi za zamani zilipoundwa. Unaifunga trela, unarudi nyuma hatua ishirini, unaona pua iko juu na mkia umeshuka.

Madhara yake yanategemea ekseli za trela. Zile za springi za majani zina mkono wa kusawazisha kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, nao unagawana uzito kwa kiasi fulani. Zile za mpira ndani ya bomba hazina mkono huo. Kila ekseli inabeba kivyake, na trela ikiinua pua ekseli ya nyuma inabeba peke yake sehemu kubwa ya kazi ya wote. Utaijua kwa tairi zake: zinapata joto zaidi, zinalika mapema, na ndizo zinazopasuka.

Pima hivi. Isawazishe trela kwenye ardhi tambarare kwa kutumia pima maji, ikiwa haijafungwa. Pima kutoka ardhini hadi chini ya sahani ya kingpini. Kisha pima kutoka ardhini hadi juu ya sahani ya kifungio cha pikapu, ukikumbuka kwamba ikibeba itashuka inchi mbili au tatu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayokuambia cha kufanya.

Usikimbilie kushusha kifungio kwanza. Kati ya kingo za bodi na tumbo la trela acha nafasi ya inchi 6 hivi. Barabara inapobadilika ghafla, kwa mfano kuingia kituo cha mafuta kwa mshazari, pikapu inalala upande mmoja na trela upande mwingine, na nafasi hiyo yote inaliwa. Kama kushusha kifungio kutaiacha nafasi hiyo, vizuri. Kama hakutaiacha, angalia boksi la kingpini: mengi yana matundu kadhaa ya bolti, na unaweza kulipandisha au kulishusha. Ukishapandisha au kushusha, kaza bolti kwa kipimo cha mtengenezaji na uzikague tena baada ya safari fupi.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la kuinua trela yenyewe. Kama ekseli imefungwa juu ya springi, inaweza kuhamishiwa chini yake, na trela itapanda kama inchi 4 hadi 6. Kazi hiyo inahitaji fundi wa kuchomelea anayejua ekseli ya trela ina upinde wake, na kwamba upinde huo lazima ubaki ukitazama juu. Ekseli ikipinduliwa kichwa chini, tairi zitaliwa upande mmoja haraka mno.

Dalili: trela inasukuma na kuvuta, mbele-nyuma, kama inakupiga mgongoni

Kwenye barabara ya zege yenye viungo, mtikiso kidogo ni wa kawaida. Ukiupata kwenye lami laini, kuna kitu kimelegea au pini ni nyepesi mno.

Angalia mizani kwanza: pini ikiwa chini ya asilimia 15, hamisha mizigo kutoka nyuma kwenda mbele, kwa kadiri pikapu inavyoruhusu. Ikiwa namba ni nzuri, mwombe mtu akae kwenye pikapu. Ashikilie breki za trela kwa mkono kupitia kidhibiti cha breki za trela kilicho ndani ya pikapu, aweke gia, asukume mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, mara kadhaa. Wewe simama pembeni, mbali na njia ya gari, macho kwenye kifungio. Taya za kifungio zinatakiwa kuikumbatia kingpini. Ukiona kingpini inagonga mbele, inasita, kisha inagonga nyuma, taya zimelika au hazijarekebishwa. Ukiona bodi lenyewe linapanda na kushuka, bolti za reli zinazoshikilia kifungio zimelegea. Ukiona kifungio kimetulia lakini trela inacheza juu ya magurudumu yake, shuka uende kwenye springi.

Hapo kwenye springi ndipo trela iliyotumika inaposema ukweli. Viwanda vingi huweka bushi za plastiki kwenye macho ya springi na kwenye mkono wa kusawazisha. Plastiki ikiisha, bolti ya chuma inasaga chuma. Inua fremu hadi uzito utoke kwenye springi, chomoa bolti moja ya mkono wa kusawazisha, uitazame mwangani. Ikiwa na mfereji mwilini, au tundu la kibao cha kuunganishia limegeuka yai badala ya duara, badilisha seti nzima. Weka bushi za shaba na bolti zenye chuchu ya grisi. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye jeki nzuri, na haina bei ya kutisha ukilinganisha na springi inayochomoka kwenye mwendo.

Dalili: inapanda mlima kwa shida, joto linapanda

Linganisha jumla ya mizani na ukomo wa pamoja wa pikapu na trela, unaoandikwa GCWR kwenye kitabu cha gari. Mfano wetu una 21,620. Kama uko ndani ya ukomo na joto bado linapanda, tafuta vitu vya kawaida: radieta iliyozibwa na wadudu na vumbi kati yake na kipozeo cha kiyoyozi, feni isiyoshika, oili ya giaboksi iliyozeeka, uwiano wa gia za difu uliochaguliwa kwa ajili ya kuokoa mafuta. Pikapu yenye difu ya 3.42 na yenye 4.10 zinaweza kufanana kila kitu kwa nje, ila mlimani si gari moja.

Pikapu za viwanda vinavyofuata SAE J2807, kanuni ya kupima uwezo wa kuvuta, hupimwa, miongoni mwa vigezo vingine, kwa mpando wa Davis Dam huko Arizona, maili 11.4 kwenye barabara ya 68, kiyoyozi kikiwa wazi kabisa. Pikapu ya tairi moja moja nyuma isishuke chini ya maili 40 kwa saa. Ya tairi mbili mbili, maili 35. Kwa hiyo kupanda mlima mrefu kwa maili 40 si ugonjwa. Ni kazi ambayo gari lilitarajiwa kufanya. Injini ya petroli isiyo na turbo, isitoshe, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Hamia njia ya polepole, shusha gia, acha mizunguko ipande.

Dalili: kwenye mteremko trela inasukuma, au pikapu inabeba breki zote

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Trela nyingi za aina hii zina breki za umeme za dramu. Ndani ya kila gurudumu kuna sumaku. Ukikanyaga breki, kidhibiti kilicho ndani ya pikapu kinapeleka umeme, sumaku inashika uso wa dramu, mkono unavutwa, na viatu vya breki vinatanuka. Mfumo huo hauna taa ya kukuambia gurudumu moja limekufa. Trela inaweza kuzunguka bara zima ikiwa na breki mbili kati ya nne, na mwenye trela akaongeza tu nguvu kwenye kidhibiti mpaka zile mbili zikaungua.

Chukua mita ya ampea ya kubana, ile inayoukumbatia waya bila kuukata. Ibane kwenye waya wa breki wa trela karibu na plagi, mtu abonyeze kidhibiti kwa mkono hadi mwisho. Sumaku ya breki ya inchi 12 huvuta takriban ampea 3. Trela ya magurudumu manne itasoma karibu na 12. Ikisoma 9, gurudumu moja halifanyi kazi. Ikisoma 6, shuku ekseli nzima, na mahali pa kwanza pa kutazama ni waya unaopita ndani ya bomba la ekseli; unasuguliwa humo kwa miaka mpaka unakatika au kugusa chuma. Ikisoma kama 10 kwa jumla huku kila gurudumu likivuta pungufu, waya ni mwembamba au viungio vimeota kutu.

Ampea zikiwa sawa na trela bado haishiki, fungua dramu. Grisi ndiyo adui mkuu. Ekseli nyingi zina chuchu ya grisi mbele ya beringi, na mwenye trela aliyepita huenda alipampu grisi bila kuzungusha gurudumu mpaka sili ya nyuma ikasalimu amri. Viatu vilivyolowa grisi usivioshe kwa petroli ukavirudisha. Badilisha, pamoja na sili. Halafu rekebisha nafasi ya viatu, kazi ambayo breki za kawaida za aina hii zinahitaji kila maili 3,000 hivi.

Mwisho wa ukaguzi, chomoa kebo ya dharura ya kuachana, ile inayofunga breki zote trela ikikatika. Magurudumu yasipofunga, betri ya trela imekufa au swichi imeoza. Usiiache trela hiyo iondoke.

Breki zikiwa nzima zote, mteremko unashukwa kwa gia na breki ya ekzosi, kama dizeli yako inayo. Punguza mwendo kabla ya kilele.

Dalili: trela inayumba kushoto na kulia

Fifwili huyumba mara chache kuliko trela ya bampa, kwa sababu kingpini iko juu ya ekseli. Ikiyumba, kagua upepo wa tairi za nyuma za pikapu, pini nyepesi, na kama ekseli za trela zinakwenda sambamba: pima kutoka kwenye kingpini hadi mwisho wa ekseli kila upande, na pande mbili zikitofautiana, ekseli imehama au imepinda.

Dalili: tairi za trela zinapasuka

Soma tarehe. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, iliyo ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka: 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Tairi ya trela huzeeka ikiwa imesimama, na soli ikiwa bado nene. Kuanzia miaka mitano usiitegemee kwa trela nzito. Tairi za ST, yaani za trela, zisizo na alama ya mwendo mwingine zilikusudiwa maili 65 kwa saa, kilomita 105.

Kisha soma uwezo. ST235/80R16 ya daraja la E hubeba kama pauni 3,500 ikiwa na psi 80. Ya daraja la G hubeba 4,400 ikiwa na psi 110. Ukipanda kwenda G, hakikisha ringi na valvu zinastahimili psi 110, maana ringi nyingi za trela kuukuu hazistahimili.

Mfano wetu, 10,300 kwa tairi nne, unatoa wastani wa 2,575 kwa kila moja. Wastani huficha mambo. Jiko, friji na chumba cha kusukumia nje vikiwa upande mmoja, tairi moja inaweza kubeba mamia ya pauni kuliko mwenzake, kwa hiyo ukiweza, pata kipimo cha gurudumu moja moja. Usipoweza, beba kipimajoto cha kuelekeza. Kila unaposimama, pima tairi na kitovu cha kila gurudumu. Kitovu kimoja chenye joto kupita wenzake ni beringi au breki inayong'ang'ania. Tairi moja yenye joto kupita wenzake, kitovu kikiwa cha kawaida, ni upepo mdogo au uzito mwingi.

Dalili: gari na trela ni sawa, ila leseni hairuhusu

Fupi tu: sheria hutofautiana kwa jimbo. California inataka leseni ya daraja A isiyo ya kibiashara kwa trela ya fifwili inayozidi pauni 15,000 za GVWR, na kibali cha nyongeza kwa zile za kati ya 10,000 na 15,000. Texas inatazama jumla ya pikapu na trela ikivuka 26,000. Uliza jimbo lako kabla ya kulipa.

Dalili: nyufa kwenye kona za mbele za trela

Ukikagua trela ya kununua, ingia chini ya pua yake na tochi. Pale boksi la kingpini linaposhikana na fremu, futa vumbi kwa kitambaa na utazame kila mshono wa kuchomelea. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ya kahawia ndani yake ni ufa wa chuma unaofunguka na kufunga. Nje, tazama ngozi ya trela juu ya boksi hilo: uvimbe, mikunjo, au nyufa zinazotoka kwenye kona za milango ya mbele zinaonyesha fremu inacheza. Mtu akae ndani ya pikapu aivute trela mbele na nyuma kidogo huku wewe umeweka kidole juu ya mshono, kwa nje, mahali salama. Ukiuhisi unafunguka, trela hiyo haiendi hata hadi karakana kwa magurudumu yake. Anayechomelea ndiye aifuate ilipo, na muuzaji ndiye amlipe.